Kanga, kiberiti na msahafu: haki ya kuudhi inaishia wapi?

Tarehe 28 Juni 2023 ilikuwa Idi ya kuchinja. Nje ya msikiti mkuu wa Stockholm, Sweden, mkimbizi kutoka Iraq aitwaye Salwan Momika aliukanyaga msahafu, akapachika vipande vya nyama ya nguruwe kati ya kurasa zake, kisha akazitia moto baadhi ya kurasa hizo. Polisi walikuwepo, na kibali cha kukusanyika alikuwa nacho mkononi.

Video ilifika vijiweni kwetu kabla nyama ya Idi haijaiva. Mabishano yakawa yale yale yanayorudi kila tukio la namna hii linapozunguka kwenye simu. Mmoja anasema serikali yao imeruhusu, maana yake serikali nzima inatukana Uislamu. Wa pili anasema wangechoma Biblia au Torati ungeona wanavyokamatwa. Wa tatu anajifanya mwanasheria: huo ndio uhuru, asiyeutaka afumbe macho. Wa nne hasemi kitu. Anageuza simu kifudifudi juu ya benchi na kuomba kahawa nyingine.

Wote wanne wanaona wanajadili jambo moja, lakini hapo kuna maswali matatu au manne yaliyofungwa kwenye furushi moja. Tulifungue.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya ugomvi huu ni wa maneno.

Kukufuru ni jambo la mja na Mola wake: kukana au kudharau kile ambacho imani yako inakuambia ni kweli. Kwa kipimo hicho kila dini ni kufuru mlangoni kwa jirani yake. Mkristo anaposali kwa jina la Mwana wa Mungu anakiri jambo ambalo Muislamu anashuhudia kinyume chake kila anaposoma kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Tunaambiana hivyo kwa vipaza sauti, Ijumaa na Jumapili, mtaa mmoja, na maisha yanaendelea.

Kukashifu ni kitu kingine. Hapa mtu anakusudia kukidharau kile mwenzake anachokitukuza, kwa tusi, kwa mchoro au kwa kitendo. Anaweza hata asiwe na hoja yoyote ya dini.

Kuchochea ni kuwasukuma watu wawachukie au wawadhuru wenzao. Mlengwa wake si kitabu wala sanamu, ni watu wenye majina, wanaopanda daladala na kupeleka watoto shule.

Kisha kuna neno kuvumilia, ambalo tumelizoea mpaka limepoteza uchungu wake. Hakuna mtu anayevumilia pilau. Watu huvumilia jino linalouma, mgeni asiyeondoka, mwenye nyumba anayepandisha kodi. Ukisikia mtu anasema anavumilia dini ya jirani yake, tayari amekiri kwamba kuna kitu humo hakipendi, na ameamua asimpige wala asimfukuze kwa ajili yake. Hajakubali, na wala hajasifu. Wengi wanaosema "tumevumilia vya kutosha" huwa wanamaanisha tumenyamaza vya kutosha, na hayo ni mambo mawili.

Limebaki moja: maandamano ya ishara. Ni kusema kwa kitendo badala ya kusema kwa mdomo. Mei 2013, wanaharakati wa Nairobi waliwamwaga nguruwe na damu mbele ya lango la Bunge la Kenya kuwapinga wabunge waliotaka mishahara minono. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa maelezo. Nguruwe ni mlafi, hotuba imekwisha. Na bado kuna mpita njia ambaye kwake nguruwe ni najisi kwanza kabla hajawa mlafi, kwa hiyo ishara hiyo hiyo ilimfikia na maana nyingine aliyobebeshwa bila kuulizwa. Ndiyo hatari ya ishara. Neno unaweza kulifafanua, lakini ishara ikishatoka mkononi kila mtu anaisoma kwa miwani yake.

Sisi watu wa kanga tungepaswa kulielewa hili kuliko wote. Nimekulia Tanga, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja. Shangazi yangu alikuwa na ugomvi na mpangaji mwenzake, ugomvi ambao chanzo chake sikuwahi kukijua, nadhani ulianzia kwenye zamu ya kufagia. Siku moja yule mama akatoka chumbani saa mbili asubuhi amejifunga kanga mpya, jina lake "Hasidi hana sababu". Akapita mbele ya shangazi kwenda bombani. Akarudi. Akapita tena, ndoo ikiwa haijajaa hata robo. Ua mzima ulijua barua ile imeandikiwa nani. Shangazi akaenda kwa mjumbe, mjumbe akaja, na yule mama akauliza kwa upole wa kuudhi: "Kwani kanga hii nimeichapa mimi?"

Mjumbe hakuwa na la kufanya. Maandishi hayakumtaja mtu, na kanga ile inauzwa dukani kwa yeyote mwenye pesa. Lakini hakuna aliyedanganyika pale uani. Tusi halikuwa kwenye kitambaa. Lilikuwa kwenye saa, kwenye njia aliyopita, na mara ngapi alipita. Kila ishara ina anwani, na ukitaka kujua imebeba nini, tazama imepelekwa wapi.

Turudi kwenye moto. Watu husema kuchoma msahafu ni kuchoma msahafu, hakuna la kujadili. Lakini Waislamu wenyewe huchoma misahafu. Mapokeo ya Kiislamu yanaeleza kwamba Khalifa Uthman, alipounganisha watu kwenye nakala moja, aliamuru maandiko mengine yachomwe. Mpaka leo wapo wanazuoni wanaoruhusu msahafu uliochakaa uchomwe mahali safi, au uzikwe, ili kurasa zake zisije zikakanyagwa njiani. Ni moto ule ule na karatasi zile zile. Kimoja ni heshima na kingine ni dharau.

Wamarekani nao wana mfano wao, ingawa bendera si kitabu kitakatifu, angalau kwenye karatasi. Kanuni zao za bendera zinapendekeza bendera iliyochakaa ichomwe kwa heshima. Mwaka 1984 huko Dallas, mwandamanaji aliichoma bendera kuipinga serikali, akahukumiwa, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi. Mwaka 1989 majaji 5 kwa 4 waliamua kwamba kitendo kile ni kauli inayolindwa na katiba. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: kama moto wenyewe si kosa, na kosa linapatikana pale tu mchomaji anapokuwa amechukia, basi kinachoadhibiwa ni chuki yake kwa serikali, yaani mawazo yake. Hakuna anayelazimika kupenda hukumu hiyo, ila ni vizuri kujua kwamba majaji hawakusema kuchoma bendera ni jambo jema.

Sasa kile kibali. Hapa ndipo upotoshaji ulipokuwa mkubwa kuliko kote, na sehemu fulani Sweden wenyewe walichangia, kwa sababu picha ya polisi akimlinda mchomaji inajieleza vibaya.

Katika sheria ya Sweden, kibali cha polisi hakiidhinishi ujumbe. Ni cha mkusanyiko: wapi, saa ngapi, watu wangapi, barabara itafungwa au la. Wakati ule polisi waliweza kukataa kwa sababu ya usalama wa mkusanyiko wenyewe na eneo lake, si kwa sababu hawapendi kitakachosemwa. Ni sawa na ofisi ya mtaa kukupa kibali cha kufunga turubai barabarani kwa sherehe. Hawajakichagua kipindi cha taarabu, na wala hawatahojiwa kwa nini mpambe amemtunza mwimbaji huku akimtazama mke mwenzake.

Na kumbe polisi walijaribu kukataa. Januari 2023 mwanasiasa wa Denmark mwenye uraia pia wa Sweden, Rasmus Paludan, alichoma msahafu karibu na ubalozi wa Uturuki mjini Stockholm, wakati Sweden inaiomba Uturuki iikubalie kuingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Mwezi uliofuata polisi wakayakataa maombi mawili ya watu wengine waliotaka kufanya hivyo hivyo, wakisema nchi inaweza kushambuliwa na magaidi. Aprili mahakama ya utawala ikasema sababu hiyo haitoshi, kwa kuwa hatari yenyewe haikufungamanishwa na mkusanyiko husika. Juni mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Siku chache baadaye ikaja ile siku ya Idi.

Kwa hiyo "serikali imeruhusu" si sahihi, na "serikali haikuhusika" nayo haitoshi. Kilichotokea ni kwamba chombo kimoja cha dola kilikataa, kingine kikakiambia huna mamlaka hayo. Kwa mtu aliyezoea nchi ambako mkuu wa wilaya akisema hapana basi ni hapana, hilo ni gumu kuliamini. Baghdad hawakuliamini: Julai 20 waandamanaji waliuvamia ubalozi wa Sweden na kuutia moto.

Na yule wa pili kijiweni, aliyesema Torati isingeguswa? Julai hiyo hiyo polisi wa Stockholm walimpa mtu mwingine kibali cha kukusanyika mbele ya ubalozi wa Israel, akiwa amesema wazi kwamba atachoma Torati na Biblia. Israel ilipinga, na viongozi wa Kiyahudi wakapinga, na kibali kikatoka vile vile. Nitarudi kwake.

Lakini wazo kwamba Ulaya yote ni soko huria la matusi nalo ni hadithi. Ujerumani, Austria na Ufaransa zinaadhibu anayekana mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Ujerumani bado ina kifungu cha 166 kinachogusa kuitukana dini kwa namna inayoweza kuvuruga amani. Poland na Finland nazo zinavyo vifungu vyao. Sweden yenyewe ina sheria dhidi ya kuchochea chuki kwa kundi la watu, na hiyo ndiyo iliyomrudia Momika na mwenzake aliyeshirikiana naye katika maandamano yale.

Ili kuielewa sheria ya namna hiyo, turudi tena nyumba ya kupanga, safari hii Dar es Salaam.

Mpangaji wa chumba cha mwisho anakula kitimoto, nyama ya nguruwe. Ni haki yake. Anakinunua kwenye bucha lake, anakipika chumbani, wenzake Waislamu wanajua na hawamuulizi. Mwezi wa Ramadhani bado ni haki yake. Siku moja baada ya kugombana na jirani kuhusu bili ya maji, saa ya magharibi, jirani akiwa anaandaa futari, anabeba jiko la mkaa na karai, anayaweka mlangoni kwa jirani huyo na kuanza kukaanga huku akipepea moshi uingie ndani. Nyama haijabadilika. Hata hivyo kila mpangaji, pamoja na Wakristo wote wa ile nyumba, anajua kwamba jambo jingine limeanza hapa, na kwamba halihusu chakula.

Mahakama nyingi za Ulaya zimekuwa zikijaribu kuutafuta mstari huo kati ya chumba cha mwisho na mlango wa jirani. Swali lao limehama kutoka "umekifanyia nini kitabu?" kwenda "umewaambia nini watu?" Agosti 2024 Momika na mwenzake walishtakiwa kwa kuchochea chuki katika matukio manne. Februari 3, 2025 mahakama ya Stockholm ilimtia hatiani yule mwenzake kwa mwenendo mzima uliozunguka kitabu: maneno waliyoyasema kuhusu Waislamu kama watu, na jinsi walivyoyasema. Mahakama ilikubali kwamba dini inaweza kukosolewa vikali. Ilichosema ni kwamba hawa wawili walishaivuka mipaka ya ukosoaji na kuwadharau waumini wenyewe.

Momika hakuisikia hukumu. Alipigwa risasi na kuuawa huko Södertälje usiku wa Januari 29, siku moja kabla ya tarehe iliyokuwa imepangwa kuisoma.

London walijikwaa kwenye mstari huo huo. Februari 2025 mwanamume mmoja alichoma msahafu nje ya ubalozi mdogo wa Uturuki akisema anaipinga serikali ya huko. Shtaka la kwanza lilidai kwamba alikusudia kuisumbua taasisi ya dini ya Kiislamu. Wapinzani wakauliza, na mimi naona waliuliza vizuri: dini inasumbukaje? Inakosa usingizi? England na Wales zilishaifuta sheria ya kukufuru mwaka 2008, na hapa ilionekana kuingia tena kwa mlango wa uani. Shtaka likabadilishwa, akatiwa hatiani Juni na kutozwa faini ya pauni 240, na Oktoba mahakama iliyosikiliza rufaa yake ikaifuta hukumu. Sehemu ya ushahidi dhidi yake ilikuwa kwamba kitendo chake kilileta vurugu. Na kweli kilileta: kuna mtu aliyemtokea na kisu.

Hapo nasimama kidogo, kwa sababu hoja hiyo huwa inapita kimya kimya. Tukikubali kwamba kosa linapimwa kwa hasira iliyozuka, tutakuwa tumempa mwenye kisu mamlaka ya kutunga sheria. Kundi linalosononeka kimya halitalindwa kamwe, na linalovunja madirisha litalindwa kila siku. Wa nne wetu pale kijiweni, aliyegeuza simu, hana ulinzi wowote katika sheria ya aina hiyo, ingawa pengine ndiye aliyeumia zaidi.

Denmark ilichagua njia nyingine kabisa. Mwaka 2017 ilikuwa imeifuta sheria yake ya kale ya kukufuru. Desemba 7, 2023, baada ya mwaka mzima wa moto mbele ya balozi na vitisho vya usalama, Bunge lilipiga kura 94 kwa 77 kupiga marufuku kuyatendea isivyofaa maandiko yenye umuhimu mkubwa kwa dini inayotambuliwa. Adhabu inafika hadi miaka 2 jela. Sheria hiyo imerudi kwenye kitabu: haijali sana ulisema nini kuhusu watu, inajali umeyafanyia nini maandiko hadharani. Waliounga mkono walisema watu hawajazibwa midomo, wanaweza kuikosoa Qurani kuanzia asubuhi hadi jioni, wasiichome tu. Waliopinga walisema mmeogopa.

Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana jambo hili linachosha.

Na sisi? Wengi hudhani mijadala hii ni ya Wazungu walioshiba. Kumbe kitabu chetu cha sheria kina majibu yake, yaliyoandikwa zamani, na si na sisi.

Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 18 na uhuru wa dini katika ibara ya 19, na ibara ya 30 inaweka mipaka ya vyote viwili. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 125, inasema ni kosa kuharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu ambacho kundi la watu linakitukuza, kwa nia ya kuitukana dini yao au kwa kujua kwamba wataliona hilo kuwa tusi. Kifungu cha 129 kinagusa maneno, sauti na hata ishara za mwili zinazotolewa kwa makusudi ya kujeruhi hisia za dini. Kenya ina vifungu vinavyofanana na hivyo. Asili yake ni sheria ya adhabu ambayo Waingereza waliitungia India mwaka 1860, wakiwa na hofu ya kutawala Wahindu na Waislamu waliokuwa wakiishi ubavu kwa ubavu.

Sheria hiyo ya India ni bibi mwenye wajukuu wengi, na hawakulelewa sawa. Pakistan ilivirithi vifungu vile vile, ikaviongezea: mwaka 1982 kifungo cha maisha kwa kunajisi Qurani, na mwaka 1986 adhabu ya kifo kwa kumkashifu Mtume. Gavana wa Punjab, Salmaan Taseer, aliyeikosoa sheria hiyo na kumtetea mwanamke Mkristo aliyehukumiwa kwayo, aliuawa Januari 2011 na mlinzi wake mwenyewe. Kwetu sheria ilibaki kama ilivyokuwa, na siku ilipopelekwa mbele ya majaji wakubwa, waliisoma kwa namna ambayo naona Watanzania hatujaisimulia vya kutosha.

Ni kesi ya Dibagula. Machi 2000, Morogoro, katika mhadhara wa dini wa hadharani, mhubiri wa Kiislamu alisema kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Akashtakiwa chini ya kifungu cha 129 na kuhukumiwa kifungo. Waislamu wengi waliona kwamba mtu amefungwa kwa kusema imani yake, na mwaka 2001 watu waliandamana Dar es Salaam. Mahakama Kuu ilimwachia huru lakini hatia ikabaki. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia yenyewe. Kiini cha jambo kilikuwa nia: kusema imani yako, hata mbele ya mtu ambaye imani hiyo inamchoma, si sawa na kukusudia kumjeruhi, na upande wa mashtaka ulipaswa kuithibitisha nia hiyo. Haki ya kuhubiri imo ndani ya uhuru wa dini.

Pima maana yake. Kama mahakama ingeamua kinyume, basi kila khutba na kila mahubiri ya Jumapili yangekuwa kosa linalosubiri polisi mwenye muda. Kulinda hisia za Mkristo wa Morogoro kwa kumfunga Muislamu wa Morogoro kungempa Muislamu wa Kigoma silaha ya kumfungia mchungaji wa Kigoma. Wanaodai leo sheria kali zaidi ya kukashifu dini huwa wanajiona wao ndio watakaoitumia. Urusi, baada ya wanawake wa kikundi cha Pussy Riot kuingia kanisa kuu la Moscow mwaka 2012 na kuimba wakimpinga Putin, ilitunga mwaka uliofuata sheria ya kuwalinda waumini wasiudhike. Wimbo ule ulikuwa wa kisiasa.

Lakini Mbagala, huko Dar es Salaam, inanizuia nisiwe na uhakika kupita kiasi. Oktoba 2012, watoto wawili, mmoja Muislamu na mmoja Mkristo, walibishana kuhusu nini kitampata mtu akiukojolea msahafu. Yule Mkristo akajaribu. Habari ikatoka nje ya ubishi wa watoto, umati ukaenda polisi kudai wakabidhiwe mtoto, na walipokataliwa makanisa kadhaa yakashambuliwa na mengine yakachomwa. Rais Kikwete alifika kuyatazama majengo yaliyoungua.

Hapakuwa na maandamano pale, wala hoja, wala ishara iliyokusudiwa kwa yeyote. Ulikuwa udadisi wa kitoto wenye matokeo mabaya. Barua haikuwa na anwani, lakini mtaa mzima uliipokea na kuisoma kwamba imetoka kwa Wakristo wote kwenda kwa Waislamu wote. Kifungu cha 125 kilikuwepo siku hiyo na hakikumzuia mtu kuwasha kiberiti. Na wale wanaotuambia kwamba ishara ni ishara tu, karatasi ni karatasi, waende Mbagala wakayaseme hayo kwa mzee wa kanisa aliyekuta mabenchi yamekuwa majivu, au kwa bibi wa jirani aliyelia kwa ajili ya msahafu na kwa ajili ya kanisa katika siku moja.

Wanaotetea haki ya kuudhi wana hoja nzito mahakamani na hoja nyepesi mtaani. Kuwa na haki ya kufanya jambo hakujibu kwa nini umelifanya siku ya Idi, mlangoni pa msikiti, katika nchi ambayo wanaosali humo wengi ni wahamiaji. Momika alikuwa na kisa chake na dini, alichokileta kutoka Iraq, na sidhani ni haki kumwambia mtu asiseme yaliyomsibu. Lakini anwani aliyoiandika juu ya bahasha haikuwa ya wenye mamlaka wa Iraq. Ilikuwa ya watu waliotoka nyumbani na kanzu mpya na watoto mkononi.

Nao upande wa pili, ule unaotaka dola iingie kila kitu kitakatifu kinapoguswa, ujiulize mjumbe wa Tanga angefanya nini kama angekuwa na pingu. Pengine angemfunga yule mama. Kisha wiki ijayo nani angethubutu kununua kanga?

Nilisema nitarudi kwa yule wa Torati. Jumamosi ya Julai 15, 2023, alifika mbele ya ubalozi wa Israel mjini Stockholm kama kibali kilivyosema. Waandishi wa habari walikuwa wamejaa, kamera zimewashwa, matamko ya kulaani yameshatolewa kabla hata hajafika. Alikuwa Muislamu mwenye asili ya Syria. Akatoa kiberiti cha gesi, akakitupa chini. Akasema hakukusudia hata siku moja kuchoma kitabu chochote, kwamba dini yake haimruhusu, na kwamba aliomba kibali ili watu waone uhuru wa kusema na kuwaumiza wengine si kitu kimoja. Hakuna kilichoungua, na waandishi wakabaki wakipiga picha za kiberiti kilicholala kwenye lami.